KURT SCHWITTERS: MSANII WA MABAKI

Mara nyingi ukurasa wa maisha ya watu mashuhuri huwa wa wanasiasa, wanariadha au waandishi. Safari hii nimeonelea niwaletee msanii, tena msanii wa aina yake. Siku hizi ukienda kwenye maonyesho ya sanaa unaweza kuingia chumbani ukakuta picha za kamera ukutani, viatu vikuukuu sakafuni na kamba zikining'inia kutoka darini, kisha ukaambiwa kwamba chumba kizima, pamoja na hewa iliyomo, ndicho kazi ya msanii. Wengi wetu hucheka na kuuliza, je, hii nayo ni sanaa? Bwana Kurt Schwitters ni mmoja wa watu wa mwanzo kuifanya kazi ya namna hiyo, na maisha yake yanajibu swali hilo vizuri kuliko mimi.

Schwitters alizaliwa tarehe 20 Juni 1887 katika mji wa Hannover, Ujerumani. Alikuwa mtoto wa pekee wa Eduard na Henriette. Baba yake alikuwa na duka la nguo za wanawake, akaliuza mwaka 1898 na pesa akaziweka katika nyumba za kupangisha. Kwa hivyo nyumbani hawakulala njaa. Mwaka 1901 walihamia nyumba ambayo baadaye msanii huyu aliipa sifa duniani. Mwaka uo huo kijana alishikwa na kifafa kwa mara ya kwanza, na maradhi hayo yakamwandama.

Kuanzia 1909 hadi 1915 alisomea sanaa katika chuo cha Dresden. Huko alifunzwa kuchora watu na mandhari kwa rangi za mafuta kama walivyochora wazee. Naomba msomaji ulishike jambo hili. Watu husema ati wanaookota takataka na kuziita sanaa ni wale walioshindwa kuchora. Huyu alijua kuchora sawasawa, na ujuzi huo ulikuja kumlisha uzeeni.

Mwaka 1915 alimwoa Helma Fischer. Mtoto wao wa kwanza, Gerd, alizaliwa 1916 akafariki baada ya siku chache tu. Wa pili, Ernst, alizaliwa 1918 na akaishi. Wakati huo Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimepamba moto. Schwitters aliitwa jeshini mwaka 1917, lakini baada ya miezi michache akaachiliwa kwa sababu ya afya. Akapelekwa kuchora ramani za mitambo katika kiwanda cha chuma. Nadhani ndiyo sababu magurudumu yanaonekana sana katika kazi zake.

Vita vilipokwisha Ujerumani ilikuwa nyang'anyang'a. Mji ulijaa mabaki, naye Schwitters akaanza kuyaokota: tikiti za tramu, karatasi za peremende, vifungo, nyaya, vipande vya mbao, magurudumu yaliyovunjika. Alivipanga, akavigandisha kwa gundi na kuvipigilia misumari mpaka vikawa picha. Katika mojawapo alibandika kipande cha karatasi chenye jina la benki. Neno Kommerz, yaani biashara, likakatwa na kubaki "merz" peke yake. Neno hilo halina maana yoyote, naye akalipenda. Tangu 1919 kila alichofanya akakiita Merz: picha, mashairi, jarida lake lililoanza 1923, hata yeye mwenyewe. Wasanii wengine wa kundi la Dada mjini Berlin walimkataa, lakini hakujali. Aliendelea na lake.

Sasa tufike kwenye kiini cha habari hii. Kwenye miaka ya 1923 alianza kujenga nguzo ndani ya chumba chake cha kazi kule Hannover. Aliirundikia vitu vya kila aina, na juu yake akaweka kichwa kidogo cha plasta, sura ya yule mtoto wake aliyefariki. Kumbe nguzo ile haikuwa mchezo! Ilikuwa kumbukumbu ya msiba.

Baada ya muda aliona kwamba kitu hiki kinaelekeana na kile, akavuta uzi kati yao. Uzi ukawa waya, waya ukawa ubao, ubao ukapakwa plasta nyeupe. Kuta zikaota pembe na mapango. Pango hili lilikuwa la rafiki fulani, lile la mwingine, na ndani mlikuwa na vitu vidogo alivyowaomba au kuwachukulia bila kuomba. Inasimuliwa kwamba mlikuwa na kishungi cha nywele za msanii Hans Richter na penseli ya mchoraji majengo Mies van der Rohe. Jengo lilizidi kunenepa, na mapango ya zamani yakazibwa ndani ya kuta mpya. Alipolazimika kuliacha mwaka 1937, lilikuwa limeshaenea hadi vyumba vingine vya nyumba ile. Kazi hiyo inajulikana kama Merzbau, yaani jengo la Merz. Haikuwezekana kuitundika ukutani wala kuiuza sokoni, na mtu aliyetaka kuiona ilimbidi aingie ndani yake.

Mwaka 1933 Hitler alishika utawala. Mwaka huo huo mpiga picha Wilhelm Redemann alipiga picha za chumba kikuu cha jengo lile. Zishikeni picha hizo, tutazirudia.

Serikali mpya haikuwataka wasanii wa namna hii. Ernst alitorokea Norway mwishoni mwa 1936, na baba yake akamfuata tarehe 2 Januari 1937. Miezi michache baadaye kazi zake zilitundikwa mjini Munich katika maonyesho yaliyofanywa ili watu waje wazicheke na kuzitukana. Helma alibaki Hannover kutunza nyumba. Alikuwa akienda kumtembelea mumewe, lakini vita vilipoanza 1939 njia ikafungika, na hawakuonana tena.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Huko Lysaker, karibu na Oslo, Schwitters alianza jengo la pili. Wajerumani wakaivamia Norway mwezi Aprili 1940, naye akakimbilia Uingereza kwa meli pamoja na mwanawe. Waingereza nao wakamfunga kambini katika kisiwa cha Man kwa sababu ni Mjerumani! Mtu amekimbia adui, anawekwa ndani kama adui. Mle kambini alichora sura za wafungwa wenzake, na kwa kukosa plasta akafinyanga sanamu kwa uji uliobaki. Sanamu zikaota kuvu, zikanuka, naye akaendelea kufinyanga. Aliachiliwa Novemba 1941 akaenda London.

Usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Oktoba 1943 ndege za Washirika zilipiga mabomu Hannover. Nyumba ikateketea pamoja na kazi ya miaka zaidi ya kumi. Mwaka uliofuata, mwezi Oktoba, Helma akafariki kwa saratani, mumewe akiwa ng'ambo.

Mwaka 1945 Schwitters alihamia Ambleside, kijiji cha milimani kaskazini mwa Uingereza, pamoja na mwenzi wake Edith Thomas. Pale aliishi kwa kuchora sura za wenyeji na mandhari ya kuuza. Mwaka 1947 jumba la sanaa ya kisasa la New York lilimpa dola 1,000. Alikuwa mgonjwa, miaka 60, na majengo yake mawili yalikuwa nyuma yake. Angeweza kupumzika. Badala yake alitafuta banda la mawe kule Elterwater, akaanza la tatu kwa plasta, mawe, vijiti na vitu vya kuokota. Alimaliza sehemu kubwa ya ukuta mmoja tu. Alifariki tarehe 8 Januari 1948, siku moja baada ya kupewa uraia wa Uingereza.

Jengo la Norway liliungua mwaka 1951. Ukuta wa banda ulitolewa mzima mwaka 1965 ukapelekwa Chuo Kikuu cha Newcastle, na uko huko hadi leo. Na la Hannover? Hapa ndipo picha za Redemann zinaporudi. Kati ya 1981 na 1983 fundi Peter Bissegger alizipima picha tatu, akahesabu pembe na urefu, akakijenga upya chumba kile kwa ajili ya jumba la makumbusho la Sprengel, Hannover. Leo mtu anaweza kuingia na kusimama ndani yake. Ila kamera iliona nje ya kuta tu. Vile vitu vya marafiki vilivyozibwa mapangoni havikurudi, na havitarudi.

Ndugu msomaji, mimi naona jibu la lile swali letu liko hapa. Takataka ni kitu ambacho hakuna anayekikumbuka. Schwitters alichukua tikiti iliyotupwa, kifungo kilichodondoka na sura ya mtoto aliyeishi siku chache, akavijengea nyumba ili vikumbukwe. Hiyo ni sanaa, hata kama haina fremu. Na nyinyi mnaoacha somo la sanaa kwa sababu rangi ni ghali, hebu tazameni chini mnapotembea. Mkishajenga, mwiteni mwenye kamera apige picha. Bomu, moto na mchwa haviulizi hodi.