Sheikh Al-Amin Mazrui na Deni la Skuli Zetu

Kila matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yakitangazwa, Pwani huanza mjadala ule ule. Mmoja ataishutumu serikali, mwengine walimu, mwengine wazazi na mwengine simu za watoto. Wiki mbili zikipita, kila mtu amerudi kwenye shughuli zake, na yule mtoto wa skuli ya umma yuko pale pale, kwenye darasa lililojaa, akichangia kitabu na wenzake.

Mjadala huu una umri mkubwa kuliko Kenya huru. Mmoja wa watu wa mwanzo kuuandika kwa Kiswahili, tena kwenye gazeti lake mwenyewe, alikuwa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wengi wetu twamjua kwa jina tu, kama Kadhi Mkuu wa zamani au kama babake Profesa Ali Mazrui. Maisha yake yana mengi zaidi ya hayo, na wakati huu ndio wa kuyakumbuka.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Ukoo wake wa Mazrui ulikuwa umeitawala Mombasa mpaka mwaka 1837, ulipong'olewa na Seyyid Said. Kwa hivyo alizaliwa katika nyumba yenye jina kubwa lakini utawala umeshaondoka. Babake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mwenye msimamo, na msimamo huo ulimfikisha gerezani Unguja zama za Seyyid Barghash. Alifariki mwaka 1894, Al-Amin akiwa bado mtoto mdogo.

Yatima huyo alilelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, ambaye naye alikuwa kadhi. Baadaye alivuka bahari kwenda Unguja kuchukua elimu kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir, mabingwa wawili waliokuwa wakifuatwa na wanafunzi kutoka pwani nzima. Tukumbuke hapa kwamba mtoto aliyefiwa na babake hakuachwa apotee. Palikuwa na jamaa waliohesabu masomo yake kuwa ni jukumu lao.

Al-Amin alikua huku mji ukigeuka mbele ya macho yake. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikaelekea bara. Mwaka 1905 makao makuu ya serikali ya kikoloni yakahamishiwa Nairobi. Utumwa ukapigwa marufuku mwaka 1907, na mashamba yaliyotegemea jasho la watumwa yakaanza kudorora. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi. Aliyejua kufuata makaratasi akajiandikishia ardhi, na asiyejua akaamka siku moja akaambiwa ni maskwota pale pale alipozaliwa.

Kazi mpya za bandarini, za reli na za afisini zilitaka hesabu na Kiingereza. Wamishonari walikuwa na skuli zao, lakini wazazi wengi wa Kiislamu waliogopa kuwapeleka watoto huko wasije wakabadilishwa dini. Skuli ya serikali ya Waarabu ilifunguliwa Mombasa mwaka 1912, na ilikuwa ndogo mno kwa haja iliyokuwapo. Juu ya hayo, ukoloni uliwagawa watoto kwa rangi: Wazungu na skuli zao, Wahindi na zao, Waarabu na zao, Waafrika na zao. Pesa hazikugawanywa sawa. Mswahili, ambaye serikali haikujua imuweke kapu gani, mara nyingi alijikuta kati, huku hapati na kule hapati.

Hapo ndipo Sheikh Al-Amin aliposhika kalamu. Alikuwa amesoma maandishi ya Muhammad Abduh na jarida la Al-Manar la Rashid Rida kutoka Misri, na alikubaliana nao kwamba Uislamu haujawahi kugombana na elimu. Mwaka 1930 alianza kutoa Al-Sahifa, karatasi moja tu kwa juma, kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Aliichagua lugha hiyo na hati hiyo kwa sababu ndiyo iliyosomwa na mtu wa kawaida aliyepita chuoni. Mwaka 1932 akafuatisha Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Hazikudumu muda mrefu, lakini baadaye makala za Al-Sahifa zilikusanywa kwenye kitabu kiitwacho Uwongozi.

Aliyoyaandika hayakumfurahisha kila mtu. Aliwaambia watu wake kuwa wameachwa nyuma, na kwamba sehemu ya sababu iko mikononi mwao. Alikemea ubadhirifu, uvivu na kuiga ya Wazungu kwenye mavazi na starehe huku yakiachwa yale yaliyowapa nguvu, yaani elimu, bidii na mshikamano. Alitaka mtoto wa Kiislamu asome dini yake sawasawa na pia asome masomo ya dunia. Alitetea elimu ya watoto wa kike wakati ambapo wengi waliona kumsomesha msichana ni kumharibu.

Naye hakuishia kwenye maneno. Katika miaka hiyo ya 1930 alianzisha Madrasatul Ghazali hapa Mombasa. Aliandika pia vitabu vyepesi vya kufundishia dini kwa Kiswahili, ili mtoto aelewe anachokisoma. Aliteuliwa Kadhi wa Mombasa mwaka 1932 na Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937, cheo alichokuwa nacho mpaka alipofariki mwaka 1947. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kassim Mazrui, naye alikuja kuwa Kadhi Mkuu.

Miaka michache baada ya kifo chake ilisimama pale Tudor taasisi ya ufundi ya Waislamu, MIOME, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Mwanawe Ali, ambaye matokeo yake ya skuli hayakuwa mazuri, alifanya kazi hapo kama karani kabla ya kupata nafasi ya kusoma Uingereza. Dunia nzima yajua alikofika. Je, ni watoto wangapi wetu leo waliofeli mara moja na hakuna aliyewapa nafasi ya pili?

Haki itendeke tunapomkumbuka. Kalamu yake iliwalenga zaidi Waarabu na Waswahili wa mjini. Mtoto wa skwota kule mashambani, au wa Kimijikenda asiye na ardhi, hakuwa katikati ya maandishi yale. Sisi tunaoishi nao mtaa mmoja na kaunti moja hatuna udhuru wa kuwasahau.

Ubaguzi wa rangi umeondoka skulini, umekuja wa mfuko. Mwenye nacho ampeleka mwanawe akademi, na asiye nacho amuacha skuli ya umma na kumuombea dua. Serikali ya kitaifa yadaiwa walimu na madarasa. Serikali za kaunti zimekabidhiwa chekechea na vyuo vya ufundi, na zadaiwa hesabu ya kila basari iliyotolewa, kapewa nani na kwa kigezo gani. Tusichoke kulidai hilo, na tulidai kwa barua na vikao, si kwa manung'uniko ya barazani.

Lakini Sheikh Al-Amin hakungoja serikali ya kikoloni imalize deni lake ndipo aanze. Alianza na karatasi moja kwa juma. Mtaa unaoweza kuchanga kwa harusi ya siku tatu waweza pia kumlipia karo yatima mmoja mpaka amalize. Kamati ya msikiti inayojenga mnara yaweza kufungua chumba kimoja chenye taa na meza, watoto wakadurusu baada ya Isha. Muhula mpya ukifunguliwa, kila kamati ijiulize ni watoto wangapi wa mtaa wake waliobaki nyumbani kwa kukosa karo, na iandike majina yao.