Robert Smalls: Alizaliwa Mtumwa, Akawa Mtunga Sheria

Safari hii tunamkumbuka mtu aliyekimbia usiku pamoja na mke na watoto wake, na baadaye akarudi kwao kuwatumikia watu. Huyu ni Robert Smalls wa Marekani.

Alizaliwa tarehe 5 Aprili 1839 katika mji wa Beaufort, jimbo la South Carolina, nyuma ya nyumba ya bwana aliyemmiliki mama yake, Lydia. Alipokuwa na miaka 12 alipelekwa Charleston kufanya kibarua, na karibu mshahara wake wote ulichukuliwa na bwana wake. Alitumika hotelini, akawasha taa za barabarani, kisha akafanya kazi bandarini, ambako alijifunza ubaharia. Mwaka 1856 alimwoa Hannah Jones, naye pia mtumwa.

Mwaka 1861 vita vilianza kati ya majimbo ya Kusini yaliyotetea utumwa na serikali ya Marekani. Smalls akawekwa kushika usukani wa Planter, meli iliyobeba silaha za jeshi la Kusini. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1862, maofisa Wazungu walikwenda kulala mjini. Smalls na wenzake wakaondoa meli, wakapita kuwachukua wake na watoto waliokuwa wanawasubiri kwa siri. Alivaa kofia ya kapteni, na mbele ya ngome ya Fort Sumter akapiga honi kwa ishara aliyoijua. Walinzi wakamwacha apite. Wote walikuwa wamepatana kwamba wakigunduliwa wataizamisha meli, wasirudishwe utumwani. Kulipopambazuka wakapandisha shuka nyeupe, wakapokelewa na meli za serikali.

Smalls alikuwa na miaka 23 tu. Angeweza kukaa salama na familia yake, lakini Agosti mwaka huohuo alikwenda Washington, na ruhusa ikatolewa ya kuandikisha wanajeshi Weusi hadi 5,000. Yeye mwenyewe aliendelea kuongoza meli vitani. Wakati wa vita hivyohivyo aliinunua ile nyumba ya bwana wake wa zamani, iliyouzwa kwa sababu ya kodi.

Katika South Carolina sheria ilikataza kumfundisha mtumwa kusoma. Smalls alijifunza akiwa mtu mzima, na hilo hakulisahau. Mwaka 1868, kwenye mkutano wa kuandika katiba mpya ya jimbo, alisimama kutetea shule za bure kwa watoto wote. Mwaka huo alichaguliwa kuwa mbunge wa jimbo, na kutoka 1870 hadi 1874 akawa seneta wa jimbo. Kuanzia 1875 alitumika pia katika Bunge la Marekani, kwa vipindi kadhaa.

Njia haikuwa nyepesi. Mwaka 1877, wapinzani wake waliposhika serikali ya jimbo, alihukumiwa kwa kosa la kupokea rushwa. Alikana siku zote, na mwaka 1879 alisamehewa. Mwaka 1895 jimbo liliandika katiba nyingine ya kuwanyima Weusi kura. Wajumbe Weusi walikuwa 6 tu. Smalls alipinga kwa nguvu, akashindwa, lakini alikataa kutia sahihi.

Alifariki Februari 1915 katika nyumba ile ile ambayo mama yake aliitumikia. Amezikwa katika uwanja wa kanisa la Tabernacle Baptist, Beaufort. Haki ya kura aliyoipigania ililindwa na sheria ya Marekani mwaka 1965, miaka 50 baada ya kifo chake.

Ndugu zangu, tunaolea watoto mbali na kwetu, tuyashike mambo mawili. Smalls alianza kusoma akiwa mkubwa, hivyo mzazi anayeanza leo hajachelewa. Tena, alipopata nafasi ya kutunga sheria, aliwakumbuka kwanza watoto walionyimwa shule.