Svante Arrhenius: Aliyepewa alama ya chini, kisha akashinda Nobeli

Wakazi wa Hale, wilayani Korogwe, ni majirani wa umeme. Kituo chao kinachoendeshwa na maji ya Mto Pangani kilianza kazi mwaka 1964. Lakini umeme haupiti kwenye waya peke yake. Hupita pia katika maji yenye chumvi au asidi, kama maji ya betri ya pikipiki. Aliyetueleza sababu ni Svante Arrhenius.

Alizaliwa Februari 19, 1859, karibu na mji wa Uppsala nchini Uswidi. Mwaka 1884 aliwasilisha tasnifu yake ya udaktari kuhusu umeme ndani ya maji yenye chumvi. Maprofesa wa Uppsala hawakuridhika. Walimpa alama ya chini, ya kumpatia shahada tu, bila kumfungulia mlango wa kufundisha chuoni.

Hakukata tamaa. Alituma tasnifu hiyo kwa wanasayansi wa nje. Mmoja wao, Wilhelm Ostwald, alifunga safari kutoka Riga kwenda kumwona na kumpa kazi. Ndipo chuo chake nacho kikampa nafasi.

Mwaka 1887 alieleza nadharia yake kikamilifu: chumvi ikiyeyuka majini, hugawanyika yenyewe kuwa chembe zenye chaji ya umeme, ziitwazo ioni, hata kabla ya kuunganishwa waya. Wengi walipinga. Sodiamu huwaka ikigusa maji, itatuliaje ndani ya maji ya chumvi? Jibu lake lilikuwa kwamba ioni ina chaji, hivyo tabia yake si ile ya metali.

Mwaka 1903 alipata Tuzo ya Nobeli ya Kemia, Mswidi wa kwanza kupewa Nobeli.

Hata hivyo, hesabu zake zilifaa zaidi chumvi ikiwa kidogo. Ikizidi, ioni huvutana na kuzuiana, kama watu kwenye gulio: ni wengi, lakini hakuna anayetembea kwa uhuru. Peter Debye na Erich Hückel walikokotoa mvutano huo mwaka 1923. Arrhenius alifariki Oktoba 2, 1927, jijini Stockholm.

Kazi yake imefika hadi shambani. Udongo unapopimwa asidi maabara, kifaa husoma nguvu ya ioni za haidrojeni zilizo huru katika maji yaliyochanganywa na udongo huo. Namba hiyo humsaidia mkulima kujua kama shamba linahitaji chokaa, kabla hajatumia fedha zake kununua mbolea.