Mwanamfalme Louis Rwagasore na maneno ya nembo yetu



Nembo ya Burundi ina kichwa cha simba, mikuki mitatu na maneno matatu: Umoja, Kazi, Maendeleo. Nyota tatu za bendera ya mwaka 1967 nazo huelezwa kwa maneno hayo. Watoto wetu waliozaliwa kambini huyakariri shuleni bila kumjua Rwagasore. Nembo hiyo ilikuja baada ya kifo chake, lakini umoja na maendeleo yalikuwa tayari ndani ya jina la chama chake, UPRONA.

Alizaliwa Gitega mwaka 1932, mtoto wa Mwami Mwambutsa wa Nne. Alisoma Astrida nchini Rwanda, kisha Ubelgiji. Aliporudi angeweza kukaa ikulu akala vya baba yake. Badala yake, mwaka 1957 aliunda ushirika wa wafanyabiashara pale Usumbura, mji tunaouita leo Bujumbura, akashirikiana na wachuuzi Waswahili wa mitaa kama Buyenzi. Ushirika ule haukudumu, ulielemewa na fedha. Ila watu wa mjini walikuwa wameshamwona mwana wa Mwami akikaa nao na kusikiliza shida zao. Mwaka 1959 alimwoa Marie-Rose Ntamikevyo, binti wa Kihutu. Mambo hayo yalisema zaidi ya hotuba.

Wabelgiji hawakumpenda. Mwaka 1960 waliwazuia jamaa wa karibu wa Mwami kushika siasa, wakamweka yeye kifungo cha nyumbani. Hata hivyo, katika uchaguzi wa tarehe 18 Septemba 1961, chini ya macho ya Umoja wa Mataifa, UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64, na Wahutu na Watutsi walichaguliwa kwa tiketi moja. Alishika Uwaziri Mkuu tarehe 28. Tarehe 13 Oktoba, akiwa mezani katika hoteli kando ya ziwa, alipigwa risasi na Mgiriki Jean Kageorgis, katika njama iliyowahusisha viongozi wa chama pinzani. Alikuwa na miaka 29. Uhuru ulikuja tarehe 1 Julai 1962, bila yeye.

Tunajua wapo kati yetu ambao jina la UPRONA linawakumbusha mwaka 1972 na ndugu wasiorudi. Hatuwalaumu, maana hata sisi walimu tuliwapoteza wetu. Tunaomba tu yaliyotendwa na waliokuja nyuma yasiandikwe kwenye hesabu ya mtu aliyekuwa kaburini Vugizo, juu ya mji, tangu 1961.

Tarehe 13 Oktoba wanafunzi watachora nembo hiyo. Mzazi mwenye kalamu za rangi azilete ofisi ya kamati. Nyekundu ndiyo iliyopungua.