Barnes Wallis na Bomu Lililoruka Juu ya Maji

Nimechagua kuwasimulieni habari za mhandisi mmoja Mwingereza, kwa kuwa maisha yake yanafundisha kwamba akili ni mali, lakini matumizi yake yana gharama.

Barnes Wallis alizaliwa mwaka 1887. Alisoma katika shule ya Christ's Hospital, akaiacha akiwa na miaka 17, akaenda kufanya kazi katika karakana ya mitambo. Hata hivyo hakuacha kujifunza. Shahada yake ya uhandisi ya Chuo Kikuu cha London aliipata mwaka 1922, akiwa mtu mzima.

Vita Kuu ya Pili ilipozuka, alifikiri namna ya kuvunja mabwawa yaliyopeleka maji na umeme katika viwanda vya silaha vya Wajerumani. Ukuta wa bwawa la Möhne ulikuwa wa mawe, mnene, wenye kimo cha mita 40, na mbele yake majini zilitandazwa nyavu za chuma kuzuia topido. Mwaka 1942 Wallis akaanza kurusha gololi za watoto wake juu ya maji. Sisi watoto wa Temeke tuliozoea kurusha vigae baharini twaijua siri hiyo: kitu kikipiga maji kwa kasi na kwa mshazari, huruka. Basi akabuni bomu mfano wa pipa, la kilo 4,200 hivi. Lilizungushwa kinyumenyume chini ya ndege, likaangushwa, likaruka juu ya nyavu mpaka ukutani, likazama huku limeuambaa ukuta, kisha likalipuka chini, na maji yakausukumia ukuta nguvu zote.

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Mei 1943 ndege 19 ziliondoka. Mabwawa ya Möhne na Eder yalibomoka. Lakini ndege 8 hazikurudi, na wanahewa 53 walikufa. Mafuriko yaliua watu zaidi ya 1,000, wakiwamo mamia ya mateka na vibarua walioletwa kwa nguvu kutoka nchi nyingine. Kweli, vita havina macho.

Wallis aliwasikitikia mno vijana wale. Alizidi kubuni mabomu, moja la tani 10 hivi, lililozama ardhini kabla ya kulipuka na kuangusha majengo imara kwa mtetemeko. Lakini mwaka 1951, alipotunukiwa pauni 10,000, fedha hizo aliipa shule yake ya zamani, isomeshe watoto wa wanahewa waliouawa vitani. Alifariki mwaka 1979.

Wenzangu, tujifunze hesabu na sayansi kwa bidii, nasi tujiulize mapema ni nani atakayelipa gharama ya ujuzi wetu.