Tsiolkovsky, Kiziwi Aliyefungua Njia ya Angani

Wanachama wenzangu, najua wengi wenu mnapenda riwaya za mapenzi na za majambazi. Mimi nawaletea Konstantin Tsiolkovsky, mwalimu Mrusi aliyeandika juu ya binadamu kuhamia angani kabla ya roketi yoyote kufika huko.

Alizaliwa mwaka wa 1857 katika kijiji cha Izhevskoye. Akiwa na miaka kama kumi hivi aliugua homa kali yenye vipele vyekundu. Alipona, lakini masikio yakawa karibu yamekufa. Shule ikamshinda, maana utasomaje usipomsikia mwalimu? Kisha mamake akafariki. Alipofika miaka kumi na sita, umri wangu hasa, babake akampeleka Moscow. Hakuingia chuo chochote. Miaka mitatu alishinda maktabani akijifunza hesabu na fizikia mwenyewe. Vijisenti alivyotumiwa vikaishia kwa vitabu na vifaa vya majaribio, na chakula kikawa mkate mweusi na maji. Jamani, mimi nikikosa githeri ya saa saba hata insha haiandikiki!

Baadaye alipita mtihani wa ualimu, akafundisha Borovsk, halafu Kaluga kuanzia 1892. Mwaka wa 1903 alichapisha makala iliyoonyesha kwa hesabu kwamba roketi yaweza kumtoa mtu duniani. Wachache sana walimjali. Mwaka wa 1908 mto Oka ukafurika, ukamharibia karatasi na mitambo yake. Akaendelea tu.

Sasa riwaya yenyewe. Inaitwa Nje ya Dunia, na ilitoka nzima mwaka wa 1920. Wanasayansi wanaoishi milima ya Himalaya, mwaka wa 2017, wanaunda roketi na kupaa. Huko juu wanaelea kama unyoya, wanapanda mboga katika nyumba ya vioo, na watu wengine wanawafuata kwenda kuishi. Kusema kweli wahusika wanahutubu mno, kama somo la fizikia Ijumaa jioni. Lakini ukifika kwenye ile bustani hutaweka kitabu chini. Tafsiri ya Kiingereza ipo, itafuteni.

Tsiolkovsky alifariki Kaluga mwaka wa 1935. Sputnik ilirushwa mwaka wa 1957, ambapo angetimiza miaka mia moja. Na roketi zinazoachana vipande vipande zikipaa, alizozieleza mwaka wa 1929, zilifika hata kwetu: ya namna hiyo ndiyo iliyopeleka setilaiti ya Uhuru kutoka baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Disemba 1970.