Fourier: Yatima aliyefumbua siri ya mawimbi

KINA cha maji ya Ziwa Victoria kimekuwa kikipimwa na kuandikwa tangu mwaka wa 1896. Atazamaye daftari la vipimo hivyo huona tarakimu tupu. Hata hivyo, ndani yake mna masika na vuli, ukame na gharika. Elimu ya kuzitenganisha sehemu hizo, kisha kuziunganisha upya, ni urithi wa Mfaransa aliyefariki miaka 28 kabla ya John Speke kulifikia ziwa hilo.

Joseph Fourier alizaliwa mjini Auxerre, Machi 21, 1768, mwana wa mshonaji nguo. Alipofikia umri wa miaka 10 hivi alikuwa tayari yatima. Mnamo 1794, Mapinduzi ya Ufaransa yalipopamba moto, alitiwa gerezani; kuanguka kwa Robespierre ndiko kulikomwokoa. Mwaka wa 1798 alifuatana na Napoleon hadi Misri, akawa katibu wa taasisi ya wasomi mjini Cairo, kando ya Nile, mto unaobeba maji ya ziwa la Kisumu.

Aliporejea kwao alikabidhiwa utawala wa jimbo la Isère. Huko, mwaka wa 1807, alikamilisha utafiti kuhusu usambaaji wa joto. Alidai kuwa umbo lolote, hata lililokatika ghafla, laweza kujengwa kwa kujumlisha mawimbi sahili. Lagrange, gwiji wa hisabati wa zama hizo, alikataa katakata. Fourier alitunukiwa tuzo mwaka wa 1812, lakini waamuzi waliendelea kutilia shaka uthibitisho wake. Kitabu chake kilitoka 1822. Alifariki Paris, Mei 16, 1830, mwaka mmoja baada ya Dirichlet kuonyesha masharti yanayoufanya ugunduzi huo usimame.

Kwa vipimo vilivyotengana, hesabu haina utata. Vipimo 365 vya ziwa vya mwaka mmoja hurejeshwa vyote, bila kupungua hata kimoja, kwa kujumlisha wastani wake na mawimbi 182, mradi kimo na mwanzo wa kila wimbi vijulikane. Mwaka wa 1965 Cooley na Tukey wa Marekani walichapisha njia ya haraka ya kuifanya kazi hiyo kwa kompyuta.

Kwa wakazi wa ufukweni jambo hili si nadharia tu. Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda kwa zaidi ya mita mbili; mwaka wa 2020 lilipita hata kiwango hicho, likawafukuza watu makwao. Mawimbi ya Fourier hayatabiri gharika. Huonyesha tu ni kiasi gani cha maji kilicholetwa na majira ya kawaida. Kinachosalia ndicho cha kuhofiwa.